Patrisi Alichunga Nini?

Tangu nirudi Louisville, kila anayenikuta, kanisani, ghalani, hata pale tunapofulia nguo, ananiuliza jambo moja: ni kweli ulionekana Buffalo umevaa kofia ya kijani, unacheza barabarani na walevi? Picha mmeiona. Aliyeisambaza namjua, na nimemsamehe kwa sababu ni dada yangu na ananyonyesha. Lakini picha haina maelezo. Maelezo ninayo mimi, na nimeyaandika yote hapa nisije nikayarudia mara ya arobaini. Someni, kisha mniache nipumzike.

Louisville

Mambo yalianza na simu ya mama. Mama anakaa Kenmore, kaskazini ya Buffalo, kwa dada yangu Godeliva na mumewe Ruben. Godeliva alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa Machi, mwaka 2015, mtoto wao wa kwanza, na sote tulikuwa tumeshafurahi na kutumiana picha. Basi mama akapiga, na badala ya salamu akaanza na kilio.

"Andrea, wanataka kulikataa jina la baba yako."

Inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Baba yetu alifia kambini, kule Ngara, Tanzania, mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Godeliva alipoolewa, baba yake Ruben alisimama mbele ya watu akatoa neno. Mzee huyu ni mchungaji, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mrefu, mkavu, hata soda anaitazama kwa wasiwasi ikitoa povu. Kwao, kama kwetu, babu mzaa baba ndiye anayempa mtoto jina. Lakini yeye akasema kwamba kwa kuwa mzazi mwenzake hakuishi kuiona siku ile, mtoto wa kwanza wa kiume atachukua jina la marehemu. Vigelegele vilipigwa mpaka mtoto mmoja akaanza kulia.

Tatizo ni kwamba jina lenyewe hakuliuliza. Na asingeweza kulisikia popote, maana mama halitamki. Mwanamke wa kwetu wa umri wake hamwiti mumewe kwa jina. Alipokuwa hai alimwita Baba Andrea, na alipokufa akabaki Baba Andrea. Hata kambini, kwenye foleni ya chakula, karani akiuliza jina la mume, mama alikuwa ananisukuma mimi mbele nijibu. Kwa hiyo mchungaji aliahidi jina asilolijua, na karibu mwaka mzima ukapita watu wakila na kunywa chai pamoja, kila mmoja ameridhika.

Siku Ruben alipomwambia kwamba jina ni Patrisi, mzee aliweka kikombe chini. Machi ya mwaka uliotangulia, hata hajamaliza mwezi Marekani, alikuwa ameenda mjini kupimwa macho akakwama kwenye gwaride. Aliona wanaume wazima wamevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi, wameshika bia saa nne ya asubuhi, na mmoja amelala kwenye theluji anaimba. Akauliza ni nini hii. Akajibiwa ni sikukuu ya Mtakatifu Patrisi. Mzee akarudi nyumbani akijua kwamba wazungu wana mungu wa bia, na kwamba anaitwa Patrisi. Alikuwa ameshahubiri dhidi yake mara mbili.

Mama akampa simu mzee mwenyewe.

"Bon, mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kivu, chenye Kifaransa ndani, "mi nilitoa neno mbele ya batu, siwezi kuirudisha. Lakini ile jina ni ya balevi, niliionaka na macho yangu. Donc, wewe kuja unielezee huyu Patrisi alikuwa mutu ya namna gani. Kama ni mutu ya Mungu, mutoto ni Patrisi. Kama ni ya pombe, mutoto ni Yoshua. Siku ya mungu mangaribi tunamuombea na kumuita jina."

Mama akarudi kwenye simu. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Jumapili jioni uwe hapa."

Nimesoma hadi kidato cha nne, kambini, na muda mwingi wa hicho kidato mwalimu alikuwa na malaria. Lakini mama akisema umesoma, umesoma.

Nikaanza utafiti palepale kazini, ghalani. Msimamizi wetu, Denis, babu yake alitoka Ayalandi, na kila Machi anabandika jani la kijani kwenye mashine ya kufungia maboksi.

"Patrisi? Huyo ni wetu," Denis akasema. "Aliwafukuza nyoka wote Ayalandi."

"Alizaliwa wapi?"

"Ayalandi. Kwani wapi tena?"

"Alikuwa anakunywa?"

Denis alifikiri kwa makini. "Zamani zile kila mtu alikunywa," akasema.

Nikaandika kwenye daftari langu: Mwayalandi, nyoka. Hilo la mwisho sikuliandika.

Kabla sijaondoka mama akaagiza sombe, kisamvu cha kwetu. Sombe ya Buffalo, anasema, imetwangwa na watu wasio na uchungu. Nikaenda kwa yule mama Mkongomani anayeuza vyakula vya nyumbani, nikachukua pakiti nane zilizogandishwa ngumu, nikazifunga kwa magazeti na kuzitia kwenye begi la mgongoni. Halafu nikavaa koti langu la rangi ya maziwa, nililolinunua maalumu kwa siku ya jina la mpwa wangu. Mnalikumbuka lile koti, maana nililivaa Jumapili tatu mfululizo mpaka mkaanza kunicheka.

Louisville hadi Columbus

Basi lilikuwa liondoke saa mbili asubuhi. Saa mbili na nusu dereva akaja, akalizunguka, akauvuta mlango, mlango ukabaki mkononi mwake kwa muda, akaurudisha polepole akaondoka. Tukakaa. Saa nne akaja dereva mwingine, mnene, mchangamfu, akauangalia mlango kisha akauangalia mkanda wa suruali yake. Mnaweza kumalizia wenyewe. Tulitoka Louisville saa tano, mlango umefungwa kwa mkanda, na dereva akishuka kila kituo anashikilia suruali.

Abiria wenzangu walikuwa na hofu ya kuchelewa. Mimi hofu yangu ilikuwa kuyeyuka. Ndani ya basi joto lilikuwa limewashwa kwa hasira, na kila nusu saa nilikuwa natia mkono kwenye begi kuzibonyeza pakiti. Mama mmoja aliyekaa jirani, Mmarekani mweusi wa makamo, alinitazama nikibonyeza mara ya nne akashindwa kuvumilia.

"Una kitu hai humo?" akauliza.

Nikamwambia ni majani ya muhogo.

"Ya kuvuta?"

"Ya kula."

Akanikazia macho, kisha akasema bibi yake Alabama alikuwa akipika majani ya kila aina, akauliza mimi ya kwangu napika na nyama gani. Nikamwambia karanga na mawese. Tulizungumza majani hadi Cincinnati, na aliposhuka alinipa nusu ya mkate wake wa mahindi. Kuhusu Mtakatifu Patrisi alisema tu kwamba wao ni Wabatisti na hawamjui, lakini anamtakia heri.

Clintonville

Columbus nililala kwa Baba Mdogo Lazaro, mdogo wake marehemu baba. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipeleka sombe kwenye friza. Jambo la pili, kuniambia kwamba kesho yake, Jumamosi, ana zamu na hawezi kuomba ruhusa, hivyo tutakwenda wote.

Baba Mdogo anatunza wazee. Yule wa Jumamosi anaitwa Mzee Evan, anakaa mtaa wa Clintonville, kwenye nyumba ya matofali iliyojaa vitabu, ana miaka tisini na moja. Zamani alikuwa mwalimu. Baba Mdogo alishamzoesha ugali na maharage, na sasa mzee huyo hataki kitu kingine mchana. Binti yake anaamini ni dawa ya Kiafrika na huwa anauliza kipimo.

Tukiwa tunakula, Baba Mdogo akamwambia kwamba kijana huyu anatafuta habari za Mtakatifu Patrisi, yule Mwayalandi.

Mzee Evan akaacha kijiko. "Mwayalandi!" akafoka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake yanafanya kazi vizuri. "Waayalandi walimwiba!"

Ikabidi Baba Mdogo amwekee mto mgongoni, maana maneno yalikuwa mengi. Mababu wa Mzee Evan walitoka Welisi, ng'ambo ya maji na Ayalandi, na kwa maelezo yake Patrisi alizaliwa hukohuko Welisi, mtoto wa watu wenye heshima zao. Akiwa na miaka kama kumi na sita walikuja maharamia wa Kiayalandi, wakamteka, wakamfanya mtumwa. Alichunga mifugo ya watu miaka sita, kwenye baridi na mvua, akisali. Halafu akatoroka kwa miguu, akapata jahazi, akafika kwao. Na baadaye, amekuwa mtu mzima, akarudi kwa walewale waliomteka, akawahubiria hadi akafa.

"Alirudi kwa hiari?" nikauliza.

"Kwa hiari. Nao wakamfanya wao, na mpaka leo hawajamrudisha," akasema Mzee Evan. "Sisi tumebaki na Mtakatifu Daudi wetu tu, wa tarehe moja Machi, na siku yake hakuna hata anayefunga barabara."

"Alichunga mifugo gani?"

"Kondoo. Mwenyewe ameandika mifugo tu, lakini ni kondoo."

"Na hii tarehe kumi na saba ndiyo aliyozaliwa?"

"Aliyokufa. Ndivyo wanavyosema. Kuzaliwa kwake hakuna anayekujua."

Hapo nikajisikia nyumbani. Nusu ya watu ninaowajua wamezaliwa tarehe moja Januari kwa mujibu wa karatasi zao, mimi nikiwemo. Nikaandika: Mwelisi, kondoo, alikufa. Kisha mzee akaniuliza jina langu. Nilipomwambia Andrea alicheka hadi Baba Mdogo akakimbilia maji.

"Mtakatifu wa Waskoti!" akasema. "Hakukanyaga Skotlandi hata siku moja! Mvuvi wa Galilaya! Walipelekewa mifupa yake, basi, na hilo nalo ni kwa maneno yao!"

Miaka yote hiyo nimeitwa Andrea bila kujua kwamba nina ukoo na Waskoti.

Tukiosha vyombo nikamuuliza Baba Mdogo swali lililokuwa likinikera tangu Louisville. Mama ametuambia siku zote kwamba baba hakuwahi kugusa pombe. Ni kweli?

Baba Mdogo aliifuta sahani ileile mara tatu. "Baba yako alikuwa akitengeneza urwagwa, ile pombe ya ndizi, ya mtaa mzima," akasema. "Watu walikuwa wanatoka kambi ya pili kuifuata. Mama yako ndiye aliyekuwa akiwamiminia. Mimi sijakwambia."

Columbus hadi Buffalo

Jumapili tuliondoka alfajiri. Mlango wa basi hili ulikuwa mzima, nikaona dalili njema. Begi la sombe, ngumu tena kutoka friza, nililivaa mgongoni nikakaa nalo hivyohivyo, maana basi lilijaa na chini ya viti palikuwa na bomba la joto. Nilidhani nimefikiri.

Cleveland tulisimama muda wa saa mbili na robo kwa ajili ya theluji. Hapo akapanda mzee mwenye ndevu nyekundu na sketi. Sikukosea kuona. Sketi ya mirabamiraba, magoti nje, na theluji ikianguka. Alikuwa amebeba sanduku refu, akakaa kando yangu, akasema anaitwa Gordoni na anakwenda Buffalo kupiga zumari la mfuko kwenye gwaride la Mtakatifu Patrisi.

Nikashtuka. "Gwaride ni leo?"

"Saa sita. Na tumechelewa."

Sikuwa nimejua. Nikamuuliza kwa tahadhari kama na yeye ni Mwayalandi.

"Mimi Mskoti," akasema, akiwa ameumia kidogo. "Na Patrisi pia."

Kwa mujibu wa Gordoni, Patrisi alizaliwa Skotlandi, kando ya mto ambao yeye mwenyewe babu yake alivua samaki, na kijiji kiko hadi leo kina jina lake. Welisi ni uongo wa Wawelisi. Habari ya kutekwa ni kweli, miaka sita ni kweli, ila alichunga nguruwe.

"Nguruwe?" nikasema kwa sauti, na watu wawili wakageuka.

"Nguruwe."

Nikaandika: Mskoti, nguruwe. Nikaona uso wa mchungaji kichwani mwangu, nikafunga daftari. Nilipomwambia Gordoni kwamba mimi naitwa Andrea, alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa biskuti za shayiri kavu kuliko mchanga, akaniita ndugu hadi Buffalo. Nilipomwambia kwamba Andrea hakuwahi kufika Skotlandi, alisema wengi wa waliofika hawakustahili.

Nikasikia ubaridi mgongoni, nikadhani ni dirisha.

Buffalo

Nilipoinuka kushuka, Gordoni alinitazama nyuma akapiga mluzi. Sombe ilikuwa imeyeyuka na kupita kwenye mishono ya begi. Koti langu la rangi ya maziwa lilikuwa la kijani kuanzia mabegani hadi nyuma ya magoti, kijani iliyokolea, yenye harufu ya shamba. Nililipia koti lile kwa zamu mbili za Jumamosi. Nikasimama pale kituoni nikitaka kulia.

"Umejiandaa kuliko sisi," akasema Gordoni kwa heshima.

Ruben akapiga simu. Barabara zimefungwa kwa gwaride, gari haliwezi kufika. Yeye na mzee wananisubiri kwenye kona, mitaa minne mbele, ng'ambo ya barabara kuu. Gordoni naye alikuwa amechelewa na alikuwa anakwenda upande huohuo, akaniomba nimshikie sanduku akijifunga mfuko wake. Tukatembea. Na hapa ndipo naomba msome polepole.

Watu walikuwa wengi mno, wote kijani. Walipoona mtu mweusi mwenye koti la kijani nyuma, anayembebea sanduku mpiga zumari, walishangilia. Bibi mmoja akanivika kofia ya kijani. Nilikuwa nimeshika sanduku, sikuweza kuivua. Kuvuka barabara kuu hakukuruhusiwa isipokuwa kwa walio ndani ya gwaride. Gordoni akaniambia, ingia, utatokea upande wa pili mbele kidogo. Nikaingia. Nilitembea nao labda mita mia mbili. Kucheza, sikucheza. Chini palikuwa na barafu na nilikuwa najizuia nisianguke. Anayeona kwamba ule ni uchezaji, shauri yake.

Nilipokaribia kona, Gordoni akachukua sanduku lake, na kijana mmoja mwekundu usoni akanyoosha mkono akanipa kopo la bia. Sasa nyinyi mmelelewa kama mimi. Mtu akikupa kitu, unakipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, hata kama hukitaki, na unaweza kukiweka chini baadaye. Mikono ilifanya yenyewe. Nilipokea, nikainama, nikasema asante. Nilipoinua kichwa, mbele yangu alikuwa amesimama mchungaji, na kando yake Ruben ameinua simu anapiga picha.

Tukapanda gari kwenda Kenmore. Katikati ya safari mzee alisema, "Bon," na hakuendelea.

Kenmore

Mama alitoka mlangoni, akaliona koti, akaweka mikono kichwani. Kisha akanusa. "Ni sombe!" akasema, na kwa muda hakujua alie nini kwanza. Pakiti tano alizikomboa, akazitia sufuriani, akaongeza karanga, na harufu ikaanza kuituliza nyumba. Godeliva akanibusu, akanipa shati la mumewe, na wakati huohuo, kama mnavyojua, alikuwa anawatumia nyinyi ile picha.

Mtoto alikuwa mdogo, mzito, mwenye paji la uso la baba. Nilimbeba mpaka mama akaniambia inatosha.

Magharibi ilipofika tukakaa sebuleni. Mchungaji kwenye kiti kikubwa, Ruben na Godeliva kwenye kochi, mama mlangoni mwa jikoni akiwa na mwiko. Nikafungua daftari. Nusu ya kurasa zilikuwa zimeshikana kwa maji ya sombe, lakini nilichoandika nilikikumbuka.

"Sema," akasema mchungaji. "Alizaliwa wapi?"

"Mzee, wanagombana. Mwayalandi anasema Ayalandi. Mwelisi anasema Welisi. Mskoti anasema Skotlandi."

"Njo kusema haujue."

"Hakuna anayejua."

Nikaeleza yote: maharamia, utumwa, miaka sita, kutoroka, kurudi. Nikaeleza kwamba tarehe kumi na saba ni siku ya kufa kwake, na kwamba bia ilikuja baadaye sana, na watu wengine. Mzee alisikiliza amefumba macho. Kisha akayafumbua.

"Alichunga nini?"

Mnawajua watu wa milima ile. Kwao ng'ombe ana jina, ana ukoo, anaimbiwa. Mzee huyu alikimbia akiwa ameacha ng'ombe sitini nyuma na bado anaweza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi. Nilijua kabisa kwamba nikisema ng'ombe, kazi imekwisha. Mama naye alijua, maana alikuwa ananikodolea macho na kutikisa mwiko. Neno moja tu. Lakini mzee aliniomba nimweleze Patrisi alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nilisafiri siku tatu kwa ajili hiyo.

"Mmoja anasema kondoo," nikasema. "Mwingine nguruwe. Mwenyewe aliandika mifugo tu."

"Si ng'ombe?"

"Hakuna aliyesema ng'ombe, mzee."

Mama akafunga macho. Mchungaji alihesabu kwa vidole.

"Miaka sita," akasema hatimaye.

"Sita."

"Ya batu, haikuwa yake."

"Ya watu."

"Mi nilianza kuchunga niko kadogo hivi," akaonyesha kimo cha goti. "Nikuambie kitu. Mulevi hachunge miaka sita. Siku ya pili tu ng'ombe zimeingia mu shamba ya batu, unapigwa. Hata kondoo. Hata..." lakini nguruwe hakumtaja. "Huyu mutu hakuwa mulevi."

Tukapumua. Lakini alikuwa hajamaliza. Aliangalia mikono yake.

"Sisi kule kwetu walituambia nyie si ba hapa. Tukakimbia, kule nako wakasema nyie si ba hapa. Mi niko na miaka sitini na nane, sijaonaka inchi yenye ilisema, huyu ni wetu. Huyu yeye, inchi tatu banamugombania." Akatikisa kichwa. "Na bale bamuteka, alibarudilia?"

"Aliwarudia, mzee."

"Bila bunduki?"

"Bila."

Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta. "Mi bado," akasema. "Mi ninaomba kila siku na bado sijafika pale. Mulete mutoto."

Godeliva akamweka mtoto mikononi mwake. Kabla hajaanza kuomba, mzee alikumbuka jambo, akamgeukia mama.

"Na marehemu, mukwe wangu, yeye alikuwa anakunywa?"

"Fanta," akasema mama, bila hata kupepesa. Mimi nikaangalia dari.

Akaomba. Aliomba kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya Ayalandi, Welisi na Skotlandi wapatane, kwa ajili ya walevi wote wa barabarani, na, nilimsikia vizuri, kwa ajili ya koti langu. Akamwinua mtoto juu akasema, "Wewe ni Patrisi." Kisha akainuka na urefu wake wote, akaenda hadi mlango wa jikoni, akamkabidhi mama.

Mama alitupa mwiko. Akamkumbatia mjukuu, akamwita mume wangu, mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mtoto aliyechukua jina la babu, akicheka na kulia. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kile cha harusi ya Godeliva. Na mtoto, bila haraka, akamwaga yote aliyokuwa nayo.

"Patrisi!" mama akapiga kelele. "Umenikojolea!"

Godeliva aliniangalia. Mimi nilimwangalia. Miaka thelathini na tatu ya maisha yangu sikuwahi kulisikia jina lile likitoka kinywani mwa mama, wala kwa furaha, wala kwa hasira, wala siku ya kuzika. Yeye mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono, akasimama hivyo, kitenge kinadondosha maji. Halafu akauondoa mkono, akamtazama mtoto usoni, akasema tena, taratibu, akionja jinsi linavyotamkwa:

"Patrisi."

Akaendelea kulisema mpaka sombe ikaungua.